Ng'ombe Aliyeandikwa Kwenye Fomu

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, na sote kumi na wawili tuliandika ng'ombe. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na ng'ombe.

Ngoja nieleze vizuri, maana mtu wa mbali atadhani tulikuwa matapeli. Ng'ombe walikuwepo. Afisa wa mikopo alipita nyumba kwa nyumba hapo kwetu, kwenye mteremko wa chini ya Birongo, akawaona kwa macho yake wakila majani ya nepia, akapiga picha, akatia tiki. Lakini ng'ombe wa Kisii ana mwenyewe, na mwenyewe si mama wa nyumba. Mama hukata nyasi, hukamua, hubeba samadi, hukesha naye akizaa. Siku ya kuuzwa anaitwa mzee. Hilo mtoto wa darasa la kwanza kwetu analijua. Fomu ndiyo haikujua. Fomu iliuliza mali ya mkopaji, na ukiandika sufuria na viti vya plastiki, mkopo wako utakuwa wa sufuria na viti vya plastiki. Tukaandika ng'ombe. Afisa, kijana mtaratibu wa kutoka upande wa ziwani, alituuliza mara moja tu, "Hawa ni wenu kabisa, akina mama?" Tukaitikia kwa pamoja kwamba ni wetu. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, kwa sababu nilikuwa mwenyekiti.

Walinichagua kwa ajili ya mdomo wangu na mkono wangu. Sitaki kujipamba. Nilikuwa mtu wa hasira za karibu. Niliwahi kumpiga dalali wa ndizi pale stendi ya Masimba, mbele ya umati, kwa sababu aliniita nyanya nikiwa na miaka thelathini na nne. Kundi la mkopo linamhitaji mtu wa namna hiyo, na wenzangu walilijua hilo kabla mimi sijalijua.

Maana mikopo hii midogo inakwenda hivi. Wanakupa pesa bila hati ya shamba, bila mshahara, bila kumwuliza mumeo. Wanachotaka ni wenzako. Kila mtu ni mdhamini wa kila mtu. Alhamisi saa nne tulikutana nyuma ya duka la mbolea, kila mmoja akatuma rejesho lake kwa simu, afisa akasoma majina, na jina moja likikosa, hakuna wa kuondoka. Majani ya chai yatanyauka kwenye kikapu, mtoto atalia nyumbani, wewe utakaa. Afisa hakupaza sauti hata siku moja. Alikuwa anafunga daftari lake, anakunja mikono, anatungoja sisi tupaze.

Wala sitawatukana bure. Pesa zile ziliniezekea nyumba na kunitoa kwenye kuuza ndizi za watu mpaka nikauza za kwangu. Bila wao ningekuwa ningali nachuma chai kwenye mashamba ya wenyewe. Nasema tu jinsi kamba ilivyofungwa, na shingo za nani.

Jirani yangu alikuwa fundi wa kushona. Tuliolewa ukoo mmoja, mwaka mmoja, na jiko lake na langu yalitenganishwa na ua wa michongoma wenye tundu la kupita kuku na watoto. Alikuwa mpole, mcheshi wa chini chini, na mkono wake kwenye nguo ulikuwa hauna mfano. Alichukua mkopo akanunua vitambaa vya sare za shule, jora kwa jora, kijani kibichi, maana mwalimu mkuu alikuwa amemwahidi kazi ya shule nzima. Muhula ukafunguliwa na mwalimu mkuu mpya, na mwalimu mkuu mpya akataka rangi ya maruni. Ndivyo alivyoanguka. Si ulevi, si uvivu, ni rangi ya kitambaa.

Wiki ya kwanza tukamlipia kwa kuchangishana. Wiki ya pili tukamlipia tukinuna. Wiki ya tatu afisa alifunga daftari saa nne unusu, na saa tisa tulikuwa tungali pale, na mvua imetukuta mara mbili. Jirani yangu alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mikono mapajani, akisema kitu kimoja tu: "Nipeni mwezi mmoja, nitavishona vitambaa vile mavazi ya kwaya." Mwenzetu mmoja mwenye mtoto mgonjwa nyumbani akaanza kulia. Nikainuka, nikaenda mpaka pale alipokaa, nikamzaba kofi. Halafu la pili, kwa sababu la kwanza halikunitosha. Pua ilimtoka damu ikaingia kwenye blauzi. Hakuna aliyenizuia. Wengine walisema, mwache amfunze adabu. Afisa alitazama simu yake.

"Ng'ombe wako yuko kwenye fomu," nilimwambia. "Jumatatu tunakuja kumchukua."

Akanitazama huku ameziba pua kwa kitambaa cha kichwani. "Unamjua yule ng'ombe ni wa nini," akasema.

Nilijua. Wote tulijua. Ng'ombe yule aliletwa kwa mahari ya dada wa mume wake, na alikuwa anangojea kutoka tena, kwenda kuwa mahari ya kumwolea mke shemeji yake, mdogo wa mume wake. Kijana alikuwa na mchumba tayari na wazee walikuwa wameshapeana siku. Ng'ombe wa namna hiyo akitoka kwa mlango mwingine, aliyemtoa anamfuata. Mwanamke angerudishwa kwao upande wa Nyamira, na watoto wake watatu wangebaki, maana kwetu watoto ni wa ukoo. Wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Kwa hiyo nilipolitamka neno Jumatatu, nilijua ninachokitia mkononi: nyumba ya mtu na watoto wake. Hasira ilinifunika nikaona ni haki.

Tulikwenda wanawake kumi na mmoja, asubuhi, tukijua mume wake yuko Kisii mjini kwenye kazi ya mjengo. Tuliimba njiani wimbo wa kanisani ili tupate nguvu. Nilikuwa na fimbo ya mkaratusi, mbichi, nene kama kidole gumba. Tulimkuta amekaa chini kando ya ng'ombe. Alikuwa ameizungusha kamba ya ng'ombe kwenye mkono wake wa kulia, mara mbili, tatu, akaikaza mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Mtatuvuta sote wawili," akasema.

Tulijaribu kumfungua. Watatu walimkalia miguu, mmoja akamkwaruza mkono kwa kucha, naye akamng'ata yule wa karibu begani, akang'ang'ania mpaka akang'olewa kwa nywele. Watoto walikuwa mlangoni wakipiga kelele. Mama mkwe wake alikuwa anatutukana matusi ambayo sikujua kama mama wa kanisa anayajua. Ndipo mdogo wake mume akatoka nyuma ya nyumba na panga.

Hakuja kutisha. Alikuja kukata. Ng'ombe yule alikuwa mke wake, kwa hesabu ya kwetu, na sisi tulikuwa tunamwibia mke mchana kweupe. Panga la kwanza lilipita hewani. La pili lilimpata mweka hazina wetu juu ya sikio, upande wa bapa kwa bahati ya Mungu, lakini ngozi ilipasuka na damu ikamfunika jicho. Wanawake wakatawanyika wakiingia kwenye chai. Macho yote yalikuwa kwenye panga.

Yangu yalikuwa kwenye ng'ombe. Niliona kamba imezunguka mkono wa jirani yangu. Niliiona vizuri, siwezi kusema sikuiona. Nikainua fimbo nikampiga ng'ombe matakoni kwa nguvu zangu zote, nikampiga tena kwenye mbavu. Akaruka. Akaondoka mbio kuelekea barabarani, na jirani yangu akaondoka naye, akiburutwa juu ya mawe ya mfereji, na pale kwenye ukingo nikasikia mkono ukivunjika. Ulitoa sauti ya kuni kavu. Kamba ikateleza, yeye akabaki amelala kifudifudi amezimia, mkono umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Na mimi nikamfuata ng'ombe. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: nilimruka, nikamfuata ng'ombe.

Tulimuuza kule Nyamache siku ya soko. Bei ililipa deni lote, na kilichozidi tuliwarudishia wale waliomchangia zile wiki mbili. Alhamisi afisa alisoma majina kumi na moja, yote safi, akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema sisi ni kundi imara na mkopo ujao utakuwa mkubwa. Mweka hazina alikuwa na bandeji kichwani. Tulipiga makofi. Kiti cha fundi kikachukuliwa na mama wa kuuza samaki.

Yaliyompata fundi ni haya. Kaka zake wawili walikuja na gari la kukodi wakamchukua kutoka hospitali, wakapita polisi, na polisi wakaandika kwamba mdogo wake mume alimvunja mkono kwa panga. Nani angebisha? Watu kumi waliona panga. Kijana akakamatwa, akapigwa huko selo mpaka jicho likavimba, akatoka kwa bondi akingoja kesi. Ukoo wa mume ukafunga lango. Wakasema mwanamke ametupotezea ng'ombe, kisha ametufungia kijana, na sasa hata kivuli cha watoto hatakiona.

Tundu la ua likaanza kunitesa. Yule mtoto wa miaka miwili alikuwa anapita pale kila asubuhi, tumbo wazi, anaingia jikoni kwangu kumtafuta mama yake. Anachungulia nyuma ya mlango. Anainua mfuniko wa sufuria kubwa. Halafu anakaa chini. Nilimpa uji, akanywa, akaniangalia usoni bila chuki yoyote, na mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilianza kuwapigia watoto wangu kelele kwa mambo ya bure. Mume wangu akaniuliza nina nini. Nikamwambia tumbo.

Wazee wa pande mbili wakapanga kikao. Siku mbili kabla, nilipanda gari nikaenda kwao, kule Nyamira, kumwona. Nilimkuta uani kwa kaka yake anapepeta maharagwe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, vidole vimetokeza vimenyauka. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nitamwambia. Nilipoona vile vidole, nikachuchumaa nikaanza kuchambua maharagwe naye.

"Watakuita utoe ushahidi," akasema yeye, wala hakuinua macho. "Watakuuliza uliona nini. Uliona panga?"

"Niliona panga."

"Basi. Sema uliona panga, uishie hapo hapo."

"Na watoto?"

"Wewe sema uliona panga tu, mwenyekiti. Usiongeze neno."

Nikadhani hajui. Nikadhani alizimia, na akazindukia kwenye maneno ya wengine, akayaamini. Nilirudi nyumbani nikijichukia, maana niliona nimemwacha mwenzangu gizani akimshtaki mtu asiye na hatia, na mwenye hatia amekunywa chai yake.

Kikao kilikuwa uani kwa mume wake, chini ya turubali, viti vya plastiki vya kukodi. Wazee walikaa upande wao tangu asubuhi. Mimi niliwekwa pamoja na wanawake jikoni, tukimenya ndizi, kwa hiyo sikusikia waliyokuwa wakizungumza. Nilimwona tu jirani yangu amekaa kati ya kaka zake, ameufunika mkono kwa leso. Mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, ng'ambo ya uwanja, na hawakumruhusu kumsogelea. Saa nane nikaitwa.

"Mama," mzee aliyeongoza akaniuliza, "siku ile uliona nini?"

"Niliona panga."

Akaitikia kwa kichwa, akageukia wenzake kama mtu anayefunga mkoba. Ningekaa. Nilikuwa nimeshapinda goti. Lakini yule kijana akasimama na jicho lake, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sikumgusa. Niliwakata wengine, yeye sikumgusa. Mungu anajua." Na akanitazama mimi, kati ya watu wote wale.

Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki. "Anasema kweli," nikasema. "Ni mimi. Nilimpiga ng'ombe huku naona kamba iko mkononi mwake. Mimi ndiye niliyemvunja."

Nilihisi nimetua mzigo. Kwa muda mfupi sana nilihisi hata furaha, ile ya mtu aliyesimama kanisani akatubu. Halafu nikamwona jirani yangu amefumba macho.

Kijana alirusha kiti. Hakunirushia mimi, alimrushia yeye, na mguu wa kiti ukampata kwenye paji. Kaka za fundi wakamrukia kijana. Mume alimwendea mke wake akamkamata shingoni kwa mikono miwili, akawa anamtikisa akisema, "Ulituapia, ulituapia," mpaka wazee watatu wakamtoa. Turubali liliangushwa juu yetu. Mtu alinipiga ngumi mgongoni, sikujua nani, na sikutaka kujua. Ilichukua muda mrefu watu kutulia, na walipotulia, kaka mmoja wa fundi alikuwa anatema jino, na mzee aliyeongoza akanigeukia.

"Mama, umefanya nini?" akaniuliza. "Tulikuwa tumemaliza. Kesi inatolewa, ng'ombe anasamehewa, mwanamke anarudi jikoni kwake leo leo. Mkono kwa ng'ombe, hakuna anayemdai mwenzake. Tulikuita ukazie tu fundo."

Mama mkwe akasema kwa Ekegusii, polepole, kila mtu asikie, kwamba mwanamke aliyemsingizia mwanawe hatapika tena kwenye mafiga yale, na deni la ng'ombe bado liko juu yake. Mume alikuwa amewapa watu mgongo. Hakuna mzee aliyempinga. Kwetu kuna makosa ya kusameheka, na uongo wa kumfunga ndugu si mojawapo.

Nilimkimbilia nje ya lango. Alikuwa anajifuta paji la uso kwa leso, na mkono wa plasta ulining'inia.

"Nilidhani hujui," nikamwambia. Nilikuwa nalia kama mjinga. "Nilidhani hukuniona."

"Nilikuona ukiinua fimbo," akasema. "Nilijua ni wewe tangu hospitali."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja ungenilipa nini? Ng'ombe wako ni wa mume wako." Hakuwa na hasira. Alinieleza kama ambavyo angemweleza mteja kwa nini gauni haliwezi kupunguzwa zaidi. "Hawa walikuwa na kitu cha kunipa. Mkono huu ndio ng'ombe pekee niliyekuwa naye, wangu mwenyewe. Na huyu pia umemchukua."

Kaka zake wakamshika mabega wakaondoka naye kuelekea barabarani. Nilirudi uani kuokota viatu vyangu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa nyanya yake, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha kumwonyesha mama yake akienda.